Kamba wa Mti

Saa kumi na moja jioni bafu letu si bafu, ni bahari.
Nimepiga magoti, mikono ya sweta nimeikunja,
namtazama kamba wangu wa nne
akizama kwa makalio.

Tokuzo anagonga mlango: "Chizuru, nitaoga lini?"
Subiri, namwambia. Kuna mtu anazama humu.

Mti huu huitwa kiri, nami nakiri:
ulikuwa droo ya chini ya kabati la arusi
alilokuja nalo mama mkwe kisiwani hapa,
kabati lililopanda boti siku moja kabla yake.
Kimbunga cha Septemba kiliingiza maji chumba cha nyuma,
droo ikavimba, ikagoma kufunguka,
na mimi, mkaza mwana nisiye na haya, nikaitafutia msumeno.
Ndani mlikuwa na soksi moja ya mtoto
na risiti ya taa.
Soksi nimeitunza. Taa sijawahi kuiona.

Nakiri tena: nilianza kwa ubahili.
Miamba ya gati ilimeza vyambo kumi na vinne vya dukani,
kila kimoja bei ya mlo wa watu wawili,
hata Iwanaga mwenye duka akawa ananiinamia
kama mtu aliyemwona mfadhili.

Basi kisu. Basi msasa. Basi plasta ya kidole gumba,
kisha plasta ya kidole jirani.
Nyuzi za mti zina njia zao:
ukifuatana nazo, kisu kinateleza kama kwenye siagi;
ukizipinga, zinabanduka na pande zima
na kukuachia kamba mwenye kibyongo.
Wa kwanza alikuwa na kibyongo.
Wa pili, karoti.
Wa tatu, Tokuzo aliuliza ni mpini wa kitu gani.

Lakini umbo si kazi. Kazi ni risasi,
kile kipande cha madini chini ya kidevu.
Ukizidisha gramu moja, anapiga mbizi kama aliyetukanwa;
ukipunguza, anasimama wima
kama abiria wa basi la mwisho.
Ninachotaka ni kidogo tu:
ashuke taratibu, pua imeinama,
kama mtu aliyeangusha sarafu na hataki kuonekana akiitafuta.

Nakata. Napima. Namrudisha majini.
Maji yamepoa. Magoti yamekufa ganzi.
Na hapo, bila kunipa taarifa,
anashuka.

Usiku ule nikamvika:
kitambaa cha machungwa kutoka bitana ya kimono kuukuu,
shanga mbili ziwe macho,
manyoya ya jogoo wa jirani (jogoo hakuulizwa),
mkiani taji la sindano.
Mgongoni nikamchoma mistari mitatu kwa waya wa moto,
na jikoni kukanukia droo.

Mwezi wa nne, gati tupu, upepo wa kukata masikio.
Nikarusha, nikahesabu hadi thelathini,
nikavuta mara mbili kwa nguvu, nikaacha.
Kamba mwisho wa kamba,
na mimi kwenye ncha ya pili nikipiga kamba:
uongo wa sentimita kumi,
niliouchonga kwa mkono, nikautakia safari njema.

Kisha uzito. Si mshtuko; uzito,
kama mtu amekaa juu ya shuka unayoivuta.
Pumzi moja, mbili, tatu.
Kisha hakuna.

Nikamwinua kwenye mwanga wa tochi.
Wino unamtiririka hadi kwenye sweta yangu,
na kisogoni, chini kidogo ya shanga,
alama ya mdomo uliopinda kama wa kasuku,
imeingia ndani hadi kwenye kiri.
Ngisi humuua kamba hapo hapo, kisogoni,
na si popote pengine.
Hang'ati hivyo karoti.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, natembea kama mwizi mwenye bahati.
"Umepata?" akauliza Tokuzo, taulo begani.
"Nimesadikiwa," nikamwambia,
nikampita, nikafungua bomba la bafu,
maana wa tano alikuwa tayari mfukoni.