Kanyagio

Miaka kumi na tisa nakanyaga cherehani
kibarazani, Magomeni Mapipa,
na miguu yote miwili haijafika popote.
Siku moja mvua ilifukuza wateja, nikapiga hesabu:
ningekuwa nimekwenda Kigoma na kurudi,
na bado natazamana na banda lilelile la mkaa.

Ndipo Shomvi, aliyeleta bukta kupunguzwa,
akayataja mashindano:
kuogelea, baiskeli, mbio,
kwa mpigo mmoja, bila kukaa chini.
Majirani wakauliza, nikawajibu: mafiga matatu.
Wakadhani nimechukua fomu ya udiwani.

Figa la kwanza ndilo linaloniunguza.
Nimezaliwa mji wa pwani, nina miaka arobaini na mbili,
bahari naijua kwa harufu tu.
Maji niliyowahi kukutana nayo uso kwa uso
ni ya Msimbazi, usiku wa Aprili,
yaliyoingia bila hodi
yakapita na godoro na vitambaa vya watu,
nami nimesimama juu ya meza
nimekumbatia kichwa cha cherehani
kama mtoto mchanga.

Shomvi hilo hakulijua. Kanipeleka Kigamboni, maji yanajaa,
yalipofika kiunoni akasema: Lala.
Nilale wapi?
Hapohapo.
Kijana wa miaka ishirini na tatu ananiambia nilale!
Nikacheka, nikameza chumvi,
nikaung'ang'ania mkono wake kama mdai.
"Maji hayashikwi, Mama Kibibi. Yanaegemewa."
Wiki tatu naegemea. Wiki tatu nazama.
Ya nne, masikio yakiwa ndani, nikasikia
kishindo kidogo, mbali, tiki tiki tiki,
nikadhani ni injini ya boti.
Kumbe ni moyo wangu
unashona.

Baiskeli ni ya Mangungu, muuza mayai.
Foniksi nyeusi, keria pana, kengele kubwa kuliko adabu.
Ananiazima Jumapili kwa sharti moja:
breki ya nyuma nisiiguse, kwa sababu haipo.
Saa kumi na moja alfajiri Barabara ya Morogoro
ni yangu na ya mbwa wawili.
Kuipanda Kimara nalia, kuishuka naomba dua.
Lakini kanyagio ni kanyagio!
Hili nalikanyaga, nyumba zinarudi nyuma.

Kisha unashuka ukimbie,
na miguu si yako, umeikopa,
na mwenyewe anaidai palepale.
Bi Mgeni, anafagia uwanja, akaniita:
"Nani anakukimbiza?"
Pumzi ya kujibu sikuwa nayo.
Nikamwonyesha mbele kwa kidole.
Akasimamisha ufagio, akatazama huko kwa muda mrefu.

Vazi la mchezo huu, bei yake ni magauni sita ya harusi.
Nikanunua Kariakoo kitambaa cha kuvutika, mita mbili,
nikafunga mlango,
nikajizungushia futi mwenyewe.
Mimi, niliyepima nusu ya viuno vya Magomeni,
changu sikuwahi kukiandika daftarini.
Nikakiandika. Sikupunguza hata inchi.
Nikakata, nikaacha akiba ndani ya mshono
kama tunavyowaachia watoto
wanaoendelea kukua.

Kesho ndiyo siku.
Kibibi amenichora mkononi kwa kalamu nene: 87.
Amenipima na simu yake ninavyovaa viatu,
dakika mbili na sekunde arobaini,
akasema, mama, kamba zinakuchelewesha,
nikazitoa, nikatia lastiki ya sketi za shule.
Bado naogopa. Tumbo limekaza kama jora jipya.
Ndoto ya jana maji yalikuwa mezani tena,
ila sikukumbuka kama nilishika kitu.

Sasa hivi mteja amegonga, na gauni lake, na haraka yake.
Nimemwambia: kesho sipo.
"Unasafiri?"
Ndiyo.
"Kwa basi?"
Kwa tumbo kwanza, nikasema,
mengine tutaona.