Usaili si Usahili

Usaili si usahili. Herufi moja tu inayatenga maneno haya,
nami nimekula miaka ishirini na miwili
nikiwinda herufi moja iliyoponyoka kwenye msimbo,
usiku, kahawa imepoa, seva imesusa.

Saa tatu kasorobo, Wrocław. Theluji imegeuka tope.
Ghorofa ya kumi na moja wananibandika kifuani
karatasi: BOGUMILA, MGENI.
Kistari kinachoikata L yangu kimepotea;
mashine yao haijui mama yangu aliniitaje.
Nimelihifadhi moyoni: kosa la kwanza, la kwao.

Dobrosław, ndevu zake bado zinajadiliana kama zitoke,
ananiambia niupindue mti.
Mti wa kompyuta: mzizi juu, majani chini,
umepinduka tangu kuumbwa,
sasa kushoto kwake kuwe kulia.
Hakuna aliyewahi kuniomba hilo,
si benki, si duka la dawa, si shirika la reli.
Naugeuza. Kalamu inalia ubaoni. Dakika kumi na nne.
"Kuna njia ya haraka zaidi?"
Ipo.
"Na zaidi ya hiyo?"
Kwenda kulala, nikajibu.
Hakucheka. Aliandika.

Ksenia anataka nisimulie siku niliyoshindwa.
Walionitangulia walinionya: chagua kosa linalong'aa,
kosa lenye sifa ndani yake kama karanga kwenye ganda.
Nikamweleza la kweli. Novemba moja nilifuta jedwali
la miadi ya kliniki ya macho, nikidhani
nimo kwenye nakala ya majaribio.
Wazee mia mbili na sita walifika asubuhi
na hapakuwa na orodha iliyowajua.
Nilisimama mlangoni na penseli, nikiwaandika mmoja mmoja.
Bwana mmoja alinishika kiganja, akanishukuru,
akidhani mimi ndiye daktari.
"Ulijifunza nini?"
Majina yao, nikasema;
kisha, nikikumbuka nilipo,
nikaongeza habari za nakala rudufu.

Chakula cha mchana si sehemu ya usaili, walisema.
Aliyenisindikiza alihesabu vijiko vyangu vya supu.

Alasiri, nichore mfumo wa kuhudumia watu milioni mia.
Masanduku, mishale, foleni.
Radomir ndiye msaili, macho yamemvimba kwa kukesha.
Kabla ya sanduku la tano simu yake ikatetemeka,
ikatembea mezani yenyewe kama mende.
Akaisoma. Uso ukamshuka.
Uso ule naujua. Nimeuvaa.
Kioo chake sikuruhusiwa kukiona; nikageukia dirisha,
chini tramu ya bluu ilikuwa ikikata kona,
nikauliza tu: leo asubuhi mmebadilisha nini?
Alinitazama kama mtu aliyekumbuka
kwamba ameacha jiko linawaka,
akatoka mbio.
Kalamu yake ilibaki wazi. Nikaifunika.
Dakika thelathini na moja nilikaa
na masanduku yangu manne.
Fomu ya alama haina nafasi ya hilo.

Siku ya kumi na tatu, barua.
Wamenipenda, ila ngazi moja chini
ya ile niliyoiomba. Mfumo haukukamilika, wanasema.
Jina langu, safari hii, lina kistari chake.
Sijui ni nani aliyekirudisha.

Ilinikuta kwenye ngazi za jengo letu,
lifti imekufa tangu Krismasi,
mfuko wa viazi mkononi,
kati ya orofa ya pili na ya tatu.
Nikashuka ngazi moja, nione inaumaje.
Nikasimama hapo.
Viazi vilikuwa na uzito uleule.
Juu, kwa akina Wieczorek, mtu alikuwa akikaanga vitunguu.