Blanketi za Makosa

Kabla ya kiwanda palikuwa na magugu,
na Mto Ruaraka ukipita zake bila rangi.
Kisha Devchand akaleta mitambo kumi na minne,
iliyokwisha kuchoka kwingine,
akajenga vyumba themanini, migongo ikigusana,
akapaita Laini. Jina jingine hakutafuta.

King'ora kililia saa kumi na mbili, saa nane, saa nne usiku.
Mimi nilizaliwa zamu ya pili.
Ndivyo mama alivyomwambia karani wa vyeti,
naye karani akaandika saa aliyoipenda.

Jumatatu mto ulikuwa mwekundu, Alhamisi buluu.
Bata wa Wekulo walitembea na kalenda miguuni.

Ndani, mitambo iligonga hadi masikio yakakata tamaa.
Wafumaji wakajifunza kusoma midomo.
Kanisani mama alifuata umbea wa kwaya nzima
wao wakidhani wananong'ona.
Nasi watoto tulijua: ukitaka siri, ipe taa kisogo.

Mshahara haukufika bei ya blanketi nzima.
Tuliuziwa za makosa:
uzi uliokatika, mstari uliopinda, pindo lililokimbia.
Laini yote ililala chini ya makosa yake yenyewe.
Mama alizipapasa gizani, akizitaja:
Hii ya Nthenya, wiki aliyofiwa.
Hii ya Ogutu; amelewa toka hapa mpaka hapa.
Hii ya mgomo, iliachwa mtamboni siku tisa,
ona vumbi lilivyokula weupe.
Na hii?
Akacheka. Hiyo yangu. Ulinipiga teke.

Halafu marobota yakashuka Gikomba,
blanketi za watu wa mbali, bei ya chai na mandazi.
Mitambo ikazimwa mmoja mmoja.
Wa mwisho ulipokoma, alisema Muthiani wa lindo,
watu walisimama uani wakipigiana kelele,
hawajui kwamba sasa wanasikika.

Leo pale ni ghala la vigae.
Mto una rangi ya kila mtu.

Mama yupo kwangu, sauti imemwisha.
Jana usiku midomo yake ilicheza.
Daktari anasema ni homa tu, hakuna neno pale.
Mimi sikuwahi kushika uzi hata siku moja,
lakini nililelewa Laini. Nikasogeza taa, nikasoma:
funga mlango, baridi inaingia.
Nikafunga.
Nikamfunika ile ya teke.