Mgeni Njoo

Kabla ya maabara nilikuwa mtu wa siagi.
Miaka kumi na mmoja kiwandani Landerneau,
nikikoroga krimu, nikipima chumvi kwa ulimi.
Kwa hiyo Daktari Kerbrat aliponiuliza kwenye usaili
ninajua nini kuhusu lipidi,
nilimjibu: najua mafuta hayapendi maji,
na ukiyalazimisha kukaa nayo
yatageuziana mikia, yatajikunja, yatajenga chumba.
Akacheka. Akanipa koti jeupe lenye tundu mfukoni.

Chumba hicho ndicho kazi yetu.
Mamia wakijipanga mstari mmoja
ndipo wafikie upana wa unywele.
Ndani yake tunakunja jeni,
uzi mrefu wa maagizo,
neno moja ambalo mapafu ya Loeiza
yalizaliwa bila kujua kulitamka.

Loeiza ni binti ya dada yangu.
Siku ya tatu ya maisha yake mama yetu alimbusu kipaji,
akalamba midomo, akanyamaza.
"Huyu ana chumvi," aliniambia jikoni,
Rozenn asisikie.
Vipimo vya hospitali vilikuja baada ya wiki tano
kusema alichosema ulimi wa bibi.

Sasa ana miaka minane. Kila asubuhi
anapigwapigwa mgongo kama godoro
ili kohozi liachie.

Miaka minne vibebeo vyetu vilifika mlangoni
vikafia hapo.
Kohozi zito, na ndani ya kohozi wapangaji:
bakteria, waliojijengea kuta za ute,
wasiolipa kodi, wanaozijua antibiotiki kwa majina
na kuzicheka.
Sisi tukaendelea kutuma barua
kwenye nyumba iliyotekwa.

"Basi tarishi naye abebe kisu," alisema Kerbrat,
akachora ubaoni kichwa kimoja na mikia miwili.
Kichwani alikaa naitrojeni, mpole, mwenye chaji chanya.
Tukamtoa. Tukamweka fosforasi.
Kisha tukashuka ngazi moja kwenye jedwali.
"Arseniki?" nikauliza. "Ile ya panya?"
"Ikifungwa vizuri haiumi kila mtu."
Dawa ya moto, nikawaza,
na methali sikuimalizia.

Namba mia mbili na kumi na saba.
Jumatatu ya Novemba, mvua ya Brest ikipiga madirisha ubavuni.
Katika sahani ya kwanza, seli za binadamu
zimeipokea barua, zimeisoma,
zinawaka kijani chini ya hadubini.
Katika ya pili, zulia la bakteria
na katikati yake duara tupu,
kama mahali mtu alipotua sufuria ya moto
juu ya kitambaa cha meza.
Kerbrat alipima kwa rula. Milimita kumi na nne.
Akapima tena.
Kisha akala biskuti bila kunawa,
kosa ambalo mimi angenifukuza nalo.

Lakini sahani si pafu.
Na ukizidisha kidogo tu,
mkono ule ule unaobomoa ukuta wa bakteria
unachubua na ngozi ya seli uliyokuja kuiponya.
Nimeviona visima vya pembeni,
vile tusivyovipiga picha kwa haraka:
seli zimejikunja, kijivu, kimya.

Sikumpigia Rozenn simu.

Jumamosi walikuja.
Nilimsikia Loeiza kwenye ngazi,
vidato sita, kikohozi, vidato vinne, kikohozi,
nikasimama na kisu cha siagi mkononi
nikihesabu kama mjinga.
Akataka mkate, siagi nene, ile yenye chembe za chumvi.
"Mjomba, bado unatengeneza mapovu?"
Bado.
"Yanapasuka?"
Mengine.
Nikambusu kipaji. Ulimi wangu ni wa kazi,
haujawahi kunidanganya.

Mgeni njoo, walisema, mwenyeji apone.
Hawakusema mgeni akae njiani miaka mingapi.
Jumatatu tunafupisha mkia kwa kaboni mbili.
Nimeshaandika lebo: mia mbili na kumi na nane.