Lindo la Kizota

Usiku wa kwanza nilikitupa kiberiti juu ya paa la kibanda.
Usiku wa pili nikagundua kumbe mimi ni mrefu.

Miaka kumi na mmoja nalinda ghala hili la mahindi.
Saa sikuwa nayo, nilikuwa na pakiti:
ya kwanza, lango likifungwa;
ya nne, treni ya mizigo ikilia upande wa stesheni;
ya saba, mbwa wa Chang'ombe wakinyamaza wote kwa mpigo,
sijui kwa nini;
ya tisa, adhana.
Sasa usiku umekuwa jora zima lisilokatwa,
na mimi sijui nimefika wapi.

Mkono ndio mbishi. Kichwa kilishakubali
siku ile daktari wa Makole aliponyanyua picha ya kifua changu dirishani,
akakohoa yeye.
Mkono haukuwepo kwenye kikao hicho.
Unapanda wenyewe hadi mfuko wa shati,
unapapasa, unashuka,
unapanda tena, kama anayemdai marehemu.

Mama Nyemo akaujaza mfuko ule karanga za Kongwa,
zilizokaangwa kwa mchanga.
Natafuna. Nimekuwa panya wa ghala ninalolilinda.

Arosto haiji kama simba. Inakuja kama mgeni wa heshima:
inabisha hodi, inauliza kama watoto hawajambo,
inavuta kigoda.
Halafu inasema: nusu tu, Ndahani. Nusu nayo ni kitu?
Malogo wa lango la pili kaniambia,
usibishane nayo, we zunguka ghala.
Basi nazunguka. Upepo wa Julai unaokata masikio
unanisukuma mgongoni kama askari.
Mzunguko mmoja, hatua mia sita na arobaini.
Mara nyingi nikirudi nakuta imechoka kunisubiri, imeondoka.
Si mara zote.

Usiku wa tisa dereva wa lori la Singida alinipa moja. Sikukataa.
Niliivuta mpaka ikaniunguza vidole.
Asubuhi nikamwambia mke wangu, "Tunaanza moja."
Hakusema neno. Akabandika kikaango.

Jana, usiku wa ishirini na sita, mzunguko wa tatu,
nikasimama mbele ya mlango namba tano.
Harufu.
Tamu kidogo, chachu kidogo, kama togwa iliyosahauliwa.
Kulipokucha nikamwita msimamizi, tukahamisha magunia:
nyuma, bomba lilikuwa likivuja ukutani kimyakimya,
na gunia kumi na nne zimeota ukungu.
Nimenusa mimi. Kwa pua hii, iliyokuwa dohani.

Nikafurahi, nikacheka peke yangu,
na furaha yenyewe, haina hata haya,
ikaupandisha mkono mfukoni
kutafuta sigara ya kujipongeza.

Karanga zilikuwa zimekwisha.
Nikaanza kuzunguka, mchana kweupe,
wapakiaji wakinitazama.