Mkalimani wa Labda

Mlangoni pa ofisi ya maji, Nyawera, saa moja na nusu asubuhi,
Bwana Kuramochi anainamisha kichwa: tangulia.
Bi Hartnoll anarudi hatua moja: hapana, wewe kwanza.
Tangulia. Wewe. Basi samahani. La, samahani ni yangu.
Nyuma yao niko mimi, na mvua ya Bukavu,
nimejifunika mafaili mawili.

Mmoja wa Osaka, mwingine wa Leeds,
visiwa viwili vilivyopeana mgongo
na katikati yao bara zima la watu wanaosema wanachotaka.
Nami nilidhani nimeajiriwa kutafsiri Kiingereza.

Mwezi wa kwanza nilitafsiri maneno.
Bi Hartnoll aliposema, "Wazo la kuvutia sana,"
nikamwambia fundi Mushagalusa: mama amependa.
Fundi akachimba mtaro siku mbili.
Bwana Kuramochi alipovuta hewa kwa meno, akanong'ona,
"Itakuwa vigumu kidogo,"
nikasema: ni kidogo tu, kaza.
Fundi akakaza mpaka bomba likapasuka,
Kadutu ikakosa maji tangu Jumanne hadi Ijumaa.
"Si vibaya sana," alisema Bi Hartnoll,
tope limemfika magotini.

Ndipo nikaanza daftari, nyuma ya hesabu za sukari:
labda, maana yake hapana.
Tutaangalia, maana yake hapana, na usirudi.
Kwa heshima zote: we mpumbavu.
Kimya, na kijiko kinakoroga chai isiyo na sukari:
kimbia.

Usiku nikamsomea mama. Alicheka akashika ubavu.
"Hao ni Bashi," akasema, "walipotelea baharini."
Kwani shangazi M'Rwizi, akishuka kutoka Walungu
na kuku aliyefungwa miguu, husema amekuja kuomba?
Amepita tu kusalimu.
Atauliza habari za ng'ombe, za migomba, za jirani aliyefariki,
atasimama, ataaga, atafika kizingitini,
na hapo mgonjwa wa hospitali ataingia katika mazungumzo
kama kanga aliyoisahau kwenye kiti.

Siku moja, mezani, sambaza mmoja alibaki sahanini.
Kuramochi akamsogezea Hartnoll. Hartnoll akanisogezea mimi.
Nami nimelelewa: nikamsogezea Kuramochi.
Samaki akazunguka meza mara tatu, akapoa.
Mushagalusa akaingia na matope yake,
akamla na kichwa chake, akauliza:
"Mnangoja nini?"

Mimi nilikuwa nangoja mshahara, tangu Novemba.
Lakini kudai? Kwa watu kama hawa?
Jioni nzima nikachagua maneno,
asubuhi nikayasema nikitazama dirisha:
"Mvua ya mwaka huu, kwetu huingia bila kubisha hodi."
Nilikosea. Mbele ya Mwingereza usipitishe shida yako kwenye mvua.
Bi Hartnoll aling'aa, akanisimulia mvua za kwao nusu saa.
Bwana Kuramochi akaongeza kwamba kwao kila mvua ina jina,
akanitajia sita.
Nikapanda kilima nimejaa hali ya hewa, mfuko mtupu.

Jumamosi, mlangoni petu, mabati manne.
Kamba imefungwa fundo zuri mno,
fundo ambalo Mushagalusa hangelifunga hata kwa kiapo,
na misumari imo ndani ya kopo la biskuti.
Hakuna jina. Hakuna barua.
Mama akalinusa kopo, akanitazama, akanyamaza.

Mshahara wenyewe ulifika Machi,
pamoja na kurasa mbili za kuomba radhi
zisizotaja mshahara.

Lakini Jumatatu ile sikushukuru.
Kushukuru kungekuwa kuwafungulia pazia wakioga.
Nikasema tu: "Siku hizi ninalala vizuri."
Wakatazama ziwa, wote wawili, kama limewaita.
"Ah," akasema mmoja.
"Vyema," akasema mwingine.
Na tulipotoka, mlangoni, wakarudi nyuma kwa pamoja
ili nipite mimi.
Nikakataa, bila shaka. Mara mbili.
Mvua ikaanza.