Mizani ya Stesheni

Shairi hili halina mizani.
Mizani iko Moshi, stesheni,
chumba cha vifurushi, nyuma ya mlango wa kijani
unaokwama kila masika.

Ya chuma. Ilikuja na Mjerumani
kwa behewa la kwanza, au la pili:
baba alisema la kwanza,
karani Fonseka akaapa la pili,
wakanuniana miaka kumi na mmoja
kwa behewa lililopita kabla hawajazaliwa.

Ilikuwa na tai kifuani.
Mwingereza akaja na tupa, akamkwangua
mbawa, mdomo, macho,
akamsahau ukucha mmoja.
Mimi nilipojifunza kusoma
niliudhani herufi J.

Imepima kahawa, hilo kila mtu analijua,
magunia ya Kibosho yaliyonuka mvua
yakiteremka kwenda Tanga.
Imepima cherehani, mabati, biblia za sharika,
dumu la mbege lililoandikwa MAFUTA YA TAA,
na majogoo waliokataa kutulia
mpaka baba akaandika kitabuni:
"kuku, kama kilo sita hivi."

Imenipima mimi.
Jumapili, zahanati imefungwa.
Mama akanilaza juu ya bamba la baridi,
nikapiga kelele, mshale ukatetemeka.
Kilo tatu na robo, mzigo wa kawaida.
Stakabadhi ninayo.

Imempima Ndewirwa.
Aliondoka mzima kwenda kukata mkonge Korogwe,
akarudi sandukuni, malipo kwa mpokeaji.
Mjane wake akafungua pindo la kanga,
akahesabu, akahesabu tena,
akaanza upya kana kwamba sarafu huzaana.
Baba akasema, "Huko wamekosea. Tupime tena."
Akachomeka ncha ya kiatu chini ya bamba,
akanyanyua,
uso wake umeelekea dirishani, mlimani,
kama mtu anayekagua mawingu.
Mshale ukarudi, ukarudi.
Ndewirwa, mwanamume wa futi sita,
akawa mwepesi kuliko gunia la maharage.
"Zinatosha," baba akasema.
Mjane aliona kiatu. Hakusema.
Miezi ya ndizi haikupita bila mkungu mlangoni kwetu.

Halafu treni ikaacha kuja.
Haikuaga. Jumanne haikuja,
Ijumaa haikuja,
tukadhani daraja limesombwa.
Majani yakaota katikati ya mataruma.
Mbuzi wakapata jukwaa lao.
Daraja la kwanza akapanga fundi wa makochi,
na maharusi wakaja kupigwa picha relini,
shela ikinasa kwenye misumari.
Baba, bila mshahara,
kila Jumatatu alikwenda na kopo la grisi.
"Mzee Aminieli, treni hakuna, unapima nini?"
"Mzigo," akasema, "hautangazi siku ya kufika."
Mimi nilimwonea aibu. Niliandike hilo pia.

Ikarudi, mwezi wa Desemba,
watu wa mlimani wakirejea na mabegi na watoto wasiojua Kichagga.
Ilikuja na mizani mpya, namba nyekundu,
inayolia kama kifaranga kila inapopima.
Ile ya zamani wakaisukuma ukutani,
wakaiwekea ndoo na matambara ya deki.

Nilimpeleka baba akaione.
Themanini na mbili, koti limempwaya.
Akaondoa ndoo. Akafuta bamba kwa mkono wa koti.
Kisha, yeye aliyepima mji mzima na mizigo yake,
akapanda.

Mshale ukasogea kidogo tu, ukachoka.
Arobaini na nne.
Alikuwa hajavaa miwani.
Nikaweka mguu pembeni mwa bamba,
nikakandamiza,
uso wangu nimeuelekeza dirishani, mlimani.
"Sitini na moja," nikasema.

Akanyamaza.
Akateremka polepole, akatazama kiatu changu,
vumbi lake, alama yake juu ya chuma.
"Andika," akasema.